Alikwenda kwa Miezi 3, Akakaa Miaka 3: Urithi wa W. Eugene Smith

Mwenyekiti, wazee wetu mliotufundisha kushika kamera, vijana mlioacha shughuli zenu mkaja hapa Mwanza mchana huu, asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu urithi wa William Eugene Smith. Mmarekani huyu alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, mwaka 1918, akafariki Tucson, Arizona, Oktoba 1978. Ukifungua vitabu vya historia ya upigaji picha utamkuta kwenye sura ya miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na atasifiwa kwa mambo mawili: weusi mzito wa picha zake, na kazi alizolifanyia jarida la Life. Sifa zote mbili anazistahili. Ila mimi nimeishi na picha zake muda mrefu, kwanza nikiwa mpigapicha wa gazeti, baadaye nikiwa kwenye dawati la picha, na ninachokiona kuwa urithi wake ni kitu ambacho hakionekani kwa haraka kwenye karatasi. Smith alikaa. Akitumwa kwa siku chache anakaa wiki, akitumwa kwa wiki anakaa mwaka. Na kwa sababu alikaa, alifungamana na watu aliowapiga picha kwa deni ambalo halikwisha hata alipokufa. Leo nataka tulitazame deni hilo, na mbele kidogo mtaona kwa nini nimependa tulitazame tukiwa Mwanza.

Lazima tupitie vitani, maana bila vita mtu huyu haeleweki. Alikuwa mpigapicha wa vita upande wa Pasifiki: Saipan, Guam, Iwo Jima, Okinawa. Mwaka 1944, kisiwani Saipan, alipiga picha ya askari wa Marekani aliyebeba mikononi kichanga mahututi kilichokutwa kwenye miamba. Adui ni Mjapani, kichanga ni cha upande wa adui, na Smith anasogea karibu kabisa. Aliandika baadaye kwamba watu waliomo kwenye picha zile aliwaona kama familia yake mwenyewe, kwamba ingewezekana wawe mkewe na watoto wake. Ukiangalia umbali aliosimama, unaamini.

Tarehe 22 Mei 1945, Okinawa, kombora lilimlipukia akiwa kazini. Vipande vilimwingia usoni na mkononi. Akatumia karibu miaka 2 akipasuliwa na kuuguza, hawezi kushika kamera. Picha aliyoipiga alipoanza kupona, mwaka 1946, ni ya watoto wake wawili, Patrick na Juanita, wakitembea kutoka kwenye kiza cha miti kuelekea kwenye mwanga. Ilipata umaarufu mkubwa. Mwaka 1955 ndiyo iliyofunga maonyesho ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York ambayo baadaye yalizungushwa dunia nzima. Ni picha nzuri. Kwangu mimi, hata hivyo, Smith ninayemtaka anaanza miaka 2 baadaye, kwenye kijiji cha milimani.

Kremmling, Colorado, 1948. Daktari mmoja, Ernest Ceriani, anahudumia watu wapatao 2,000 waliotawanyika milimani. Hana mwenzake. Life wanamtuma Smith akaonyeshe maisha ya daktari wa kijijini. Smith anafika, na siku za mwanzo anabonyeza kamera isiyo na filamu. Anafanya hivyo ili daktari auzoee mlio ule, amzoee na mtu mwenyewe anayezunguka nyuma yake, mpaka aache kumjali. Filamu yenyewe anaipakia baadaye.

Vijana, naomba mlitafakari jambo hilo kwa mtazamo wa leo, maana sisi tunapakia picha mtandaoni kabla hatujaagana na tuliyempiga. Smith alikuwa tayari kupoteza picha za siku nzima ili tu mwenye maisha yake aendelee kuyaishi.

Ona alichopata. Mtoto wa kike, hajatimiza hata miaka 3, amepigwa teke na farasi kichwani. Daktari ameshashona jeraha. Kwenye picha hatuoni damu. Tunaona uso wa Ceriani. Nyusi zimekunjana, macho yametoka kwa mtoto yakaenda pembeni, na maelezo ya Life yanatuambia anawaza atawaambiaje wazazi kwamba jicho la mtoto halitapona. Mpigapicha wa siku moja angepiga jeraha. Smith alikuwa ameshajifunza uso wa mtu huyu, alijua anavyoonekana akiwa amechoka, akiwa na hasira, akiwa hana la kusema. Kisha ipo ile nyingine mnayoijua: daktari ameegemea jikoni kwa hospitali saa nane usiku baada ya upasuaji, kikombe cha kahawa mkononi, sigara katikati ya vidole, barakoa ikining'inia shingoni. Yeyote aliyewahi kumsindikiza mgonjwa wodini usiku anamjua mtu yule.

Miaka 3 baadaye, Desemba 1951, Life walichapisha simulizi yake ya picha kuhusu Maude Callen, muuguzi na mkunga Mweusi wa Pineville, South Carolina. Kusini mwa Marekani wakati ule kulikuwa na viti vya basi vya Weusi na viti vya Weupe, shule za Weusi na shule za Weupe. Mama Callen alikuwa akiendesha gari kwenye barabara za matope, anaingia vibanda visivyo na umeme, anazalisha, anachanja, anafundisha wakunga wengine, anarudi nyumbani usiku. Smith alimfuata mpaka kwenye chumba alimojifungulia binti mdogo, akawa pale mateso yakipanda mpaka mtoto anatoka, na kwa picha mfululizo tunauona uso wa mkunga ukibadilika pamoja na wa mzazi.

Wasomaji wa Life walituma pesa bila kuombwa. Zilipita dola 20,000, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo, na mwaka 1953 zahanati ikafunguliwa Pineville kwa pesa hizo. Mimi nimesoma wanazuoni wengi wakijiuliza kama picha inaweza kubadilisha kitu. Pale Pineville palijengwa kuta na paa. Mama waliokuwa wanajifungulia sakafuni walipata mahali.

Sasa tusimtakase. Nimewaona vijana wakiyasoma maisha ya Smith kama maisha ya mtakatifu, na hilo halimtendei haki yeye wala ninyi.

Kwenye chumba cha giza alikuwa fundi asiye na mpinzani. Picha moja angeweza kuisafisha siku nzima na usiku wake, anatia giza hapa, anachukua brashi yenye dawa ya kupaushia anafungua mwanga kwenye ukingo wa shavu pale. Hilo ni halali ya fundi. Lakini aliwahi kuvuka. Mwaka 1950 alikwenda Deleitosa, kijiji cha Hispania chini ya utawala wa Franco, akapiga picha ya wanawake wamezunguka maiti ya mzee wao. Wawili walikuwa wametazama kamera, na Smith akawabadilishia mwelekeo wa macho wakati wa kusafisha picha. Mwaka 1954 akaenda Lambaréné, Gabon, kwa Albert Schweitzer, daktari Mzungu aliyekuwa na hospitali huko, akaunganisha negativu mbili, yaani filamu za picha mbili tofauti, kuwa picha moja: kwenye pembe akaongeza mpini wa msumeno na kivuli cha mkono ambavyo havikuwapo Schweitzer aliposimama mbele ya kamera. Picha ikachapishwa kana kwamba dakika ile ilitokea.

Mimi hapo simfuati. Najua hoja yake. Alikuwa akisema uaminifu wake ni kwa ukweli wa mahali pale kwa ujumla, kwa jinsi alivyouelewa yeye. Lakini yule mwanamke wa Deleitosa aliyetazama kamera, alitazama kamera. Alikuwa na haki ya kuonekana akiwa amemwona mgeni chumbani mwake siku ya msiba. Na leo ambapo mashine inaweza kutengeneza kilio cha mtu asiyekuwapo duniani, sisi wa picha za kweli hatuna nafasi ya kuongeza hata kivuli cha mkono.

Kuhusu Gabon nina neno jingine, na nalisema kama Mwafrika. Simulizi ile inamhusu Schweitzer. Wagonjwa, maseremala, wauguzi Waafrika wanapita pembeni mwake. Smith alijiuzulu Life kwa sababu walimpangia kurasa bila kumsikiliza. Alitaka Schweitzer aonekane mgumu na mwenye kasoro zaidi ya vile walivyomwonyesha. Aligombea utata wa Mzungu mmoja. Utata wa waliolala kwenye vitanda vile haukuwa na mtu wa kuugombea. Huko nako hakukaa vya kutosha.

Baada ya Life aliajiriwa Pittsburgh, mwaka 1955, apige picha 100 za kitabu cha maadhimisho ya mji. Kazi ya wiki 3. Alirudi na negativu zinazokaribia 17,000 na deni, na ile simulizi kubwa aliyoiota haikupata kuchapishwa jinsi alivyotaka. Mwaka 1957 aliiacha familia yake, akahamia ghala moja bovu Sixth Avenue, New York, mahali ambapo wanamuziki wa jazi walikuwa wakipiga mpaka alfajiri. Akatega vinasa sauti kila kona, akarekodi maelfu ya saa. Kazi hizo zinahifadhiwa kwenye chuo kikuu cha Arizona na watafiti wanaendelea kuzichimbua. Lakini mkewe Carmen na watoto waliachwa na bili. Hao watoto wanaoelekea kwenye mwanga katika ile picha ya 1946 ndio walioachwa. Sisemi hili kwa kumhukumu marehemu. Nalisema kwa kuwa wapo humu ndani wanaodhani kipaji kinampa mtu ruhusa.

Sasa twende Japani.

Minamata ni mji mdogo wa pwani, mkoa wa Kumamoto, kisiwani Kyushu. Wavuvi wake waliishi kwa bahari kama wavuvi wa Ukerewe wanavyoishi kwa ziwa. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa hapo tangu mwanzo wa karne, na kuanzia 1932 kikawa kinatengeneza kemikali iitwayo asetaldehidi kwa kutumia zebaki. Maji machafu yalimwagwa baharini, yakiwa na zebaki ya aina mbaya kuliko zote, ile inayoingia kwenye samaki na kutoka kwenye samaki ikaingia kwenye ubongo wa mlaji.

Waliotangulia ni paka. Walianza kuyumba, kuruka ovyo, kuanguka baharini. Kisha watu: mkono unatetemeka, kijiko hakifiki mdomoni, macho yanaona kama mtu anayechungulia bombani, ulimi unakuwa mzito. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa ulitangazwa rasmi. Mwaka 1959 daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, aliwalisha paka maji ya kiwanda na akaona ugonjwa uleule. Kampuni ikamzuia kuendelea na matokeo hayakutangazwa. Mwaka huohuo waathirika walipewa pesa kidogo za pole na kuwekeshwa saini kwenye karatasi yenye sharti kwamba hata ikija kuthibitika kiwanda ndicho chanzo, hawatadai tena. Umwagaji uliendelea mpaka 1968, na ni mwaka huo ndipo serikali ya Japani ilipokiri chanzo hadharani.

Hesabuni wenyewe: kutoka ugonjwa kutangazwa mpaka zebaki kuacha kumwagwa, miaka 12. Katika miaka hiyo walizaliwa watoto ambao mama zao hawakuonyesha dalili yoyote kubwa. Sumu ilipita kwenye kondo la nyuma ikamkalia mtoto tumboni. Madaktari walikuwa wakiamini kondo humkinga mtoto. Minamata iliwafundisha vingine.

Smith alifika 1971 pamoja na Aileen Mioko, mwanamke kijana ambaye mama yake ni Mjapani na baba Mmarekani. Walikuwa wamefunga ndoa wiki chache kabla. Mpango wao ulikuwa miezi 3. Walikaa miaka 3. Walipanga nyumba ya familia yenye waathirika, wakala walichokula majirani, wakahudhuria mikutano ya wagonjwa, wakasafiri nao kwenda kudai haki kwenye ofisi za kampuni Tokyo. Aileen alikuwa mkalimani, mwandishi na mpigapicha. Picha kadhaa kwenye kitabu chao cha 1975 ni zake, na jina lake lipo kwenye jalada. Huwa naumia nikisikia watu wanasema "Minamata ya Smith" wakamwacha yeye. Wala hawakuwa wa kwanza. Mpigapicha Mjapani Kuwabara Shisei alikuwa ameshaanza kazi Minamata tangu 1960, zaidi ya miaka 10 kabla ya Mmarekani huyo kushuka kwenye treni. Dunia ilisikia pale mgeni mwenye jina alipopiga kelele. Sisi Waafrika tunaijua hadithi hiyo vizuri.

Januari 1972 wagonjwa walikwenda kwenye kiwanda cha Chisso kilichopo Goi, karibu na Tokyo. Wafanyakazi wa kampuni wakawavamia. Smith alipigwa vibaya, akaumia shingo na macho, na maumivu hayo hayakumwacha mpaka kufa. Alikuwa na umri wa miaka 53, mwili tayari umejaa makovu ya Okinawa. Mwili uleule ulichanwa na kombora la Kijapani mwaka 1945, na sasa umepigwa kwa sababu ya kusimama na wavuvi wa Kijapani. Juni mwaka huo Life walizichapisha picha. Machi 1973 mahakama ya wilaya ya Kumamoto ikawapa wagonjwa ushindi, na ile karatasi ya 1959 ikatamkwa kuwa kinyume cha maadili ya jamii.

Kati ya picha zote za Minamata, moja ndiyo iliyoizunguka dunia. Mmezoea kuiona kwenye mihadhara kama hii, kwa hiyo baadhi yenu mmekuwa mkiisubiri kwenye ukuta huu. Sitaionyesha.

Ilipigwa Desemba 1971, kwa ridhaa ya wazazi. Mama anamwogesha binti yake, Tomoko, aliyezaliwa 1956 akiwa na ugonjwa huo tangu tumboni. Hakuweza kusema, kutembea wala kuona vizuri. Wazazi wake walimwita hazina ya nyumba, kwa sababu waliamini yeye ndiye aliyeibeba sumu iliyokuwa mwilini mwa mama, na wadogo zake waliomfuata wakasalimika. Mama alikubali picha kwa sababu alitaka watu waone, ili jambo lile lisimpate mtoto mwingine popote. Hayo ndiyo makubaliano: picha hii ifanye kazi hiyo.

Na ikafanya. Ilichapishwa kwenye majarida, vitabu vya shule, mabango. Tomoko alifariki Desemba 1977 akiwa na miaka 21. Smith naye akafa mwaka uliofuata. Picha ikaendelea na kazi bila wao. Miaka ikapita, na pale nyumbani mambo yalikuwa mengine: minong'ono kwamba familia inatajirika kwa picha ya mtoto wao, mabango yanayokanyagwa chini baada ya maandamano, simu za watu wanaotaka mahojiano tena na tena. Mwaka 1997 televisheni ya Ufaransa iliomba kuitumia, na wazazi wakakataa. Baba alieleza kwamba anataka binti yake apumzike.

Aileen alikwenda kuwaona. Sheria ilimpa yeye haki zote za picha ile. Wazazi hawakuwa na karatasi yoyote. Mwaka 1998 aliwakabidhi uamuzi. Picha ikaondolewa kwenye machapisho na maonyesho mapya. Wapo waliopiga kelele, wakasema hii ni mali ya binadamu wote, huwezi kuificha moja ya picha kubwa za karne. Miaka ya karibuni imeanza kuonekana tena, na mjadala umefufuka hukohuko Japani.

Mimi nimeshachagua upande wangu zamani. Picha ile ilikuwa na makubaliano ndani yake, na upande mmoja wa makubaliano uliomba kupumzika. Aileen aliwasikiliza kwa kuwa alikuwa amekula nao na kulala jirani nao miaka 3. Asingeweza kuwajibu kwa barua ya mwanasheria. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote katika urithi wa Smith, na lilitendwa na mwenzake miaka 20 baada ya yeye kufa. Mnaweza kuipata picha hiyo mkitaka. Simu zenu ziko mkononi. Ninachowaomba ni kwamba kabla hamjabonyeza, mumfikirie yule baba.

Sasa niseme kwa nini Mwanza.

Kuvuka daraja kutoka hapa, ukishika barabara ya Geita, ukaingia ndani ambako kuna mialo ya dhahabu, yaani sehemu za kusagia na kuoshea mawe yenye dhahabu, utakuta zebaki. Mnaijua kazi ilivyo. Mawe yanapita kwenye karasha, unga unaoshwa, mchanga mzito unaobaki unawekwa kwenye karai. Mtu anamimina zebaki kidogo, anakoroga kwa mikono mitupu mpaka ishike dhahabu. Anaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge cha rangi ya fedha. Kidonge kinawekwa juu ya kibati, kibati juu ya mkaa. Moshi unapanda, hauna rangi ya kutisha, na anayeuvuta mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni au mpishi wa jirani anayepepea jiko lake upande ule upepo unakoelekea. Rangi ya fedha inaondoka, ya dhahabu inatokea. Nimesimama pale nikaona, na nimeona pia maji ya kuoshea yakirudi mtoni.

Duniani kote, uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza kwa kuingiza zebaki hewani kutokana na shughuli za binadamu. Mkataba wa kimataifa unaoidhibiti ulitiwa saini Kumamoto Oktoba 2013, ukaanza kutumika Agosti 2017, na unaitwa Mkataba wa Minamata. Tanzania ni mwanachama. Unazitaka nchi zenye uchimbaji huu kwa wingi ziandae mpango wa taifa wa kuupunguza. Kwa hiyo jina la mji wa wale wavuvi limo kwenye sheria inayomhusu mama wa Geita, na wengi wanaokoroga karai hawajawahi kulisikia.

Naomba nieleweke. Mchimbaji mdogo si Chisso. Chisso ilijua ikanyamaza, ikiwa na maabara na mawakili. Mchimbaji anatafuta ada ya shule. Ndiyo maana picha za haraka haraka zinamwonea: kijana kifua wazi, tope mpaka magotini, maelezo yanasema "uchimbaji haramu" hata kama ana leseni yake. Nimepokea picha za namna hiyo nyingi kwenye dawati langu, zote zimepigwa kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu gari la ofisi linatakiwa lirudi mjini. Hakuna hata moja iliyopigwa usiku wakati kidonge kinachomwa ndani ya nyumba ili wezi wasione. Hakuna iliyomfuata mwanamke mmoja kutoka karai mpaka kliniki ya wajawazito. Zebaki haitoi jeraha unaloweza kulipiga picha siku ya kwanza. Inaonekana kwa mkono unaotetemeka kidogo mwaka huu kuliko mwaka jana, na mkono huo utaujua tu kama mwaka jana pia ulikuwapo.

Na watu wa mialoni watawauliza swali ambalo wameniuliza mimi: "Picha zetu mnazipeleka wapi?" Muwe na jibu la kweli. Andikeni majina yao na namba zao. Warudishieni nakala zilizosafishwa kwenye karatasi, za kuning'iniza ukutani. Waambieni mapema kwamba siku wakisema basi, mtawasikiliza, na hilo liandikwe kwenye mkataba wenu na gazeti au shirika linalowatuma, maana likibaki la mdomo litakufa na mhariri anayefuata.

Mwisho nawageukia wahariri na wakuu wa mashirika mliokaa mstari wa mbele. Vijana hawa hawana haja ya hotuba ya pili kuhusu Smith. Kukaa kuna gharama: chumba cha kupanga kijijini kwa miezi 6, nauli, chakula, bima ya afya, na mshahara usiokatika ingawa ukurasa wa kesho hauna picha yao. Nina daftari langu hapa lenye hesabu hizo kwa mtu mmoja kule Geita na mwingine kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya. Tukimaliza maswali, naomba tukae pale pembeni tuzipitie.